Mwaka Nilipoweka Lati Juu ya Lati

Tulimzika Mzee Kilonzo Jumamosi, na waliotayarisha video ya kumuaga waliikosea rangi. Walikuwa wameweka tivii kubwa chini ya hema, na mzee alipita pale akicheka, akikata keki, akishuka kwenye treni mpya kwa mara ya kwanza, uso wake ukiwa na ukijani tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyenipa kazi ya kwanza maishani, aliyenitia kamera mkononi wakati sijui hata kuiwasha, alikuwa amelala ndani ya sanduku hatua kumi kutoka nilipoketi, nami nilikuwa nikipima kichwani ukijani ule upunguzwe kiasi gani. Kazi hii inaharibu mtu. Kando yangu aliketi Mama Mutua, ambaye zamani alikuwa na duka la dawa za mifugo chini ya studio yetu. Akaniinamia akaninong'oneza, "Wakesho angeishika hii video, mzee hangekaa namna hii." Nikaitikia kwa kichwa. Nimefanya kazi ya rangi za filamu Nairobi miaka mingi, jina langu hupita mwishoni mwa filamu ambazo Mama Mutua mwenyewe amezitazama, na bado jina lililomjia lilikuwa la mtu aliyefanya kazi hiyo kama mwaka mmoja tu. Nilihisi kitu ambacho nilidhani nilikiacha Voi. Haikuwa huzuni. Ulikuwa wivu, ule ule, na haukuwa umezeeka hata kidogo.

Nilikozaliwa na jinsi nilivyofika Voi nayaruka; hayana kazi hapa. Nianze na chumba. Studio ya Mzee Kilonzo ilikuwa ghorofa ya kwanza, nyuma ya soko, na ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha wateja: kochi, zulia, ukuta mzima wa picha za maharusi. Cha nyuma kilikuwa chetu, na dirisha lake tulilifunika kwa blanketi zito la kijivu, maana huwezi kupima rangi kwenye chumba kinachoingia jua. Anayelijua joto la Voi mwezi wa pili ataelewa tulivyoishi nyuma ya blanketi lile. Feni ilikuwa moja na ilielekezwa kwa kompyuta, kwa sababu kompyuta ikizimika kwa joto ilikuwa hasara, na mimi nikizimika nilipewa maji. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda kutoka kwa Mama Mutua siku nzima, ikaingia kwenye nguo na hata kwenye chai. Nilikuwa nimekaa mle miaka minne na nilijua kila waya unakoenda. Wateja walipouliza, "Yule dada wa kompyuta yuko?" nilikuwa nikiitika polepole, bila kugeuka, ili waone nina shughuli. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilijiona nimefika.

Lazima nieleze kidogo habari ya lati, la sivyo ubaya wangu hautaeleweka. Kamera nzuri hupiga picha kavu. Ukizitazama zilivyo, kila kitu kimepauka, mtu na mti na mbingu vyote ni vya rangi ya majivu. Kamera hufanya hivyo makusudi ili isipoteze kitu kwenye mwanga wala kwenye giza. Halafu kuna faili ndogo, tuliyoizoea kwa jina la lati, ambayo ndani yake ni jedwali la namba tu. Inaiambia kila rangi: wewe ukiingia ukiwa hivi, toka ukiwa vile. Ukiiweka juu ya picha kavu, picha inapata uhai. Unaweza kuichoma ndani ya video moja kwa moja, ikawa sehemu yake. Au, kwenye programu ya kukagulia, ile ambayo mteja aliye mbali hutazamia kazi kabla haijamalizwa, unaiweka juu ya klipu kwa kubonyeza tu, na klipu yenyewe haiguswi. Kinachobadilika ni kile anachokiona mtazamaji. Ukibonyeza tena, inaondoka. Jambo moja tu ni mwiko, nalo ni kuiweka juu ya klipu ambayo tayari imechomwa lati. Hapo rangi zinakolea mara mbili. Weusi wa uso unakuwa shimo na wekundu unakuwa kidonda. Kila mtu wa kazi hii amelifanya kosa hilo walau mara moja, akacheka, akabonyeza tena, yakaisha.

Wakesho alikuja mwezi wa kwanza, mwaka ule reli mpya ilipokuwa ikijengwa, akitokea Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, begi la mgongoni, na bakuli la plastiki lenye kimanga alichopika mwenyewe. Mzee alimchukua abebe stendi za taa. Wiki ya tatu tulikwenda kupiga harusi Mwatate, na mimi nikapoteza kadi ya rangi, ile kadi yenye vibao vidogo ambayo huonyeshwa kamera kabla ya kazi kuanza, ili baadaye ujue nyekundu ya siku hiyo ilikuwa nyekundu kiasi gani. Niliiacha juu ya boneti na gari likaondoka nayo. Mzee alikuwa ameanza kunifokea mbele ya watu wa harusi. Wakesho akainama, akachota udongo, akanyoosha mkono mbele ya lenzi, udongo ule mwekundu ukiwa katikati ya kiganja. "Udongo wetu naujua, Mzee," akasema. "Na mkono wangu naujua. Piga." Mzee akapiga. Tuliporudi, Wakesho alikaa kwenye kompyuta yangu, kwenye kiti changu, siku nne, akitengeneza lati mpya kutokana na mkono ule. Aliinua pembe ya blanketi, akautoa mkono wake juani, akautazama, akashusha blanketi, akatazama mkono ulio kwenye skrini, akageuza namba moja, akainua blanketi tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikimngoja anyanyuke. Siku ya nne akasema, "Nafikiri imekaa."

Ilikuwa imekaa kweli. Hilo ndilo lililonikera. Ningeweza kuishi na mtu anayejipendekeza, au mtu mwenye bahati, lakini yule msichana alikuwa anaona. Tangu siku hiyo kila klipu iliyotoka kwenye kamera zetu ilianza na mkono wake wenye udongo, na kazi ya kuukata mkono huo ilikuwa yangu. Nimeukata mara mia kadhaa. Nilijua kucha zake, nilijua kovu la kisu chini ya kidole gumba. Nilikula chakula cha mchana nikiutazama. Na kwa habari ya chakula: kwa miaka minne Mzee Kilonzo na mimi tulikuwa tukila chapati na maharagwe kutoka hoteli ya ng'ambo ya barabara, sahani mbili, tukiongea mambo ya kazi. Wakesho alipozoea, akawa analeta kimanga cha watu watatu, muhogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja vikalainika, na Mzee, Mkamba yule wa isyo, yale mahindi na maharagwe yao, na nyama choma, akawa anakwangua bakuli kwa kijiko. "Msichana huyu ataninenepesha," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa nikisema sina njaa, kisha nashuka kwa Mama Mutua kununua biskuti. Nilikula biskuti mwaka mzima kwa sababu ya kiburi.

Mwezi wa nne aliniambia anataka kuijaribu lati kwa mtu mweusi kuliko yeye. Kwetu wengi ni weusi wa kung'aa, na mimi ni mmoja wao, na sikupenda alivyolisema wazi namna ile. "Dada Nafula, kaa hapo mlangoni," akasema. "Usitabasamu, kaa tu." Nikakaa. Akapiga, akaweka lati, akanigeuzia skrini. Sijui nilieleze vipi. Maisha yangu yote picha zilikuwa zimenifanya kivuli chenye meno. Kwenye picha za shule, za kanisani, za kitambulisho, nilikuwa doa la giza katikati ya watu, na nilishaamini kwamba ndivyo nilivyo. Sasa kulikuwa na mwanamke mlangoni mwenye mashavu, mwenye wekundu kidogo chini ya weusi, mwenye ngozi ambayo mwanga ulikuwa umetua juu yake bila wasiwasi. "Umeona?" Wakesho akasema. "Mimi hivyo ndivyo ninakuonaga kila siku." Nilimwambia iko sawa, kisha nikaenda chooni nikalia. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo ningempenda. Mimi mwenyewe nilitarajia. Badala yake nilitoka chooni nikimchukia zaidi, kwa sababu miaka minne nilikuwa na kamera ile ile na kompyuta ile ile, na sikuwahi kujiona.

Katikati ya mwaka ikaja kazi kubwa. Kampuni moja ya filamu ya Nairobi ilikuwa inatengeneza vipindi kuhusu watu wanaoishi kandokando ya reli na mpakani, nayo ikatukodi tupige sehemu za kwetu. Aliyesimamia alikuwa mama mmoja tuliyemwita Madam, sauti ya chini, miwani kichwani, hakuwahi kupoteza neno. Wakesho na Mzee walikwenda Chala wiki mbili kupiga wakulima wa kule karibu na ziwa, kisha Wakesho akaenda kwao Rukanga peke yake na kamera ndogo. Mimi niliachiwa ofisi. Adhuhuri moja, nikiwa nyuma ya blanketi, nikamsikia Mzee chumba cha mbele akiongea na Madam kwa simu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba na Mzee alikuwa mtu wa kupaza sauti akidhani Nairobi ni mbali. "Nafula ni mchapakazi," alisema. "Nafula ni wa kutegemewa kabisa. Lakini ukiniuliza jicho, Madam, jicho ni la huyu wa Rukanga." Akasikiliza kidogo. "Sawa. Ukishaona hizo klipu zake utaamua mwenyewe ni nani umchukue." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kulikuwa na nafasi ya kazi Nairobi, kwamba ilikuwa moja, na kwamba mimi nilikuwa mchapakazi. Hata leo nikisikia mtu akisifiwa hivyo namwonea huruma.

Ukaguzi ulipangwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Madam angetazama akiwa Nairobi kupitia programu ya kukagulia, na sisi tungetazama klipu zile zile Voi kwenye tivii ya chumba cha mbele. Mimi ningekuwa nyuma ya meza na laptopu, nikiziendesha. Wakati wa chai Wakesho akanipa karatasi aliyoichana kwenye daftari. Naikumbuka neno kwa neno. "Dada Nafula, za Chala ni kavu, weka lati. Za Rukanga nimeshachoma, usiweke. Asante." Klipu za Rukanga alikuwa amezichoma mapema kwa sababu aliwaahidi watu wa kwao kwamba watajiona wao kwanza kabla ya mtu yeyote wa Nairobi. Alikuwa amerudi nazo hadi kijijini, akakaa na bibi yake na majirani, wakajitazama kwenye laptopu. Ndivyo alivyofanya kazi. Hakuonyesha uso wa mtu kwa wageni kabla mwenyewe hajaukubali. Niliisoma karatasi mara mbili, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa sketi. Sikuwa nimeamua kitu. Watu hupenda kusema hivyo, najua, lakini kweli sikuwa nimeamua.

Klipu za Chala zilipita vizuri. Niliweka lati, migomba ikawa migomba na maji yakawa maji, na Madam akawa anasema "mm" kutoka kwenye spika. Halafu zikaja za Rukanga. Orodha ya lati ilikuwa kwenye skrini yangu tu, upande wa kulia. Hakuna mwingine aliyeiona. Nilichotakiwa kufanya ni kuiondoa. Nikauacha mkono wangu ulipokuwa. Klipu ya kwanza ilikuwa ya bibi yake Wakesho akiambua kunde mlangoni, na nyuma yake mlima. Kwenye tivii ikatokea maiti. Sijui neno jingine. Macho yalikuwa ya manjano, mashavu yamezama kwenye weusi, midomo inaonekana imepakwa damu, na ardhi yote ya Rukanga inawaka. Mzee Kilonzo akasema kitu kwa Kikamba. Madam akauliza, "Huyu bibi amefanywa nini?" Wakesho alikuwa ameshanyanyuka kwenye kochi. "Hiyo siyo," akasema. "Dada Nafula, hebu toa lati." Nikabonyeza kitufe kisichohusika, kwa sauti, ili wasikie. "Haijawekwa," nikasema. "Hiyo ndiyo faili vile ilivyo."

Maneno hayo yalinitoka kwa utulivu mkubwa. Wakesho alisimama akitazama bibi yake kwenye tivii, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye, na sitaficha: nilifurahi. Haikuchukua hata dakika, lakini niliisikia furaha hiyo hadi kwenye vidole. "Nilikuandikia juu ya hizi," akasema, lakini sasa kwa sauti ya mtu asiye na uhakika. "Uliniandikia nisiweke, na sijaweka," nikasema. Madam akatuambia tusimamishe. Alisema hawezi kuwaonyesha watu nyuso kama zile, kwamba ingekuwa matusi kwa wenyewe, na akamuuliza Mzee kama kuna mtu anayeweza kuziokoa mpaka Jumatatu. Mzee akanigeukia mimi. Wakesho akakaa. "Ni mimi, Mzee," akasema. "Nitakuwa nimezichoma vibaya. Samahani." Mzee akazima tivii bila kumtazama, na hilo lilikuwa jambo jipya mle ndani.

Mchana ule Wakesho alizifungua kwenye kompyuta ya nyuma na akaziona ziko sawa, bila shaka, kwa sababu zilikuwa sawa. Akaniita. "Dada, njoo uone. Hapa ziko sawa kabisa." Nilikuwa na jibu tayari, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba jibu lilikuwa tayari. "Hiyo skrini umeizoesha jicho lako," nikamwambia. "Wewe unaona ziko sawa. Watu watatu tumeona vile zilivyo, na wewe mwenyewe umeona kwa tivii." Akanitazama, akatazama skrini, akainua pembe ya blanketi, akaishusha bila kuutoa mkono. Jumatatu asubuhi nikamwonyesha Madam klipu za Rukanga "nilizorekebisha". Sikuwa nimerekebisha kitu. Niliondoa lati tu, nikaonyesha za Wakesho zilivyo, tangu kunde hadi mlima. Madam akavuta pumzi. "Sasa huyu ni bibi ya mtu," akasema. "Nafula, umefanyaje?" Nikasema nimepunguza hapa na pale. Wakesho alikuwa amesimama mlangoni. Aliponipata peke yangu akaniambia polepole, akitaka kweli kujifunza, "Mimi naziona zinafanana na zangu." Nikamwambia, "Ndiyo maana nakuambia, Wakesho. Hilo jicho."

Kumwonea mtu wivu ni kitu cha kawaida. Karibu kila mtu niliyefanya naye kazi nimemwonea. Watu wakinisikia nikijilaumu hudhani nilimwibia lati yake nikaenda nayo Nairobi. Sikuichukua. Ningeichukua ningekuwa mwizi tu, na mwizi angalau anakipenda kile anachokiiba. Mimi sikutaka kuwa na jicho lile. Nilitaka yeye asiwe nalo, na nikapata nilichokitaka. Miezi mitatu iliyobaki kabla sijaondoka alikuwa ananiuliza kila kitu. Dada, hii ngozi iko sawa? Dada, huu udongo si umezidi? Kitu alichokuwa akikiona kwa mara moja, sasa alikuwa anazunguka nacho chumba kizima akitafuta mtu wa kumthibitishia. Mwezi wa kumi akaacha kuweka mkono mbele ya kamera. Mzee alinunua kadi mpya. Madam alinichagua mimi, na mwezi wa kumi na mbili nikaondoka kwenda Nairobi. Alinipikia kimanga cha safari, nami nikakila kwenye basi, ndiyo mara ya kwanza kukionja. Kilikuwa kitamu. Niliambiwa baadaye kwamba aliondoka studio kabla ya Pasaka, kwa hiari yake, akisema kazi ile inataka mtu mwenye macho.

Jumatatu baada ya mazishi nilimtafuta. Haikuwa kazi ngumu. Mama Mutua alinielekeza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Voi, barabara ya kwenda Mwatate, ambako Wakesho huuza rangi za nyumba. Wateja wanamwita Mama Mghoi, kwa jina la bintiye. Amenenepa kidogo na kumempendeza. Alinikumbatia juu ya kaunta, akanipa stuli, akasema ameona jina langu kwenye tivii akawaonyesha watoto. Kisha akawa anahudumia huku tukiongea, na mimi nikawa namtazama. Kuna mashine ya kuchanganya rangi. Mteja anachagua namba kwenye kitabu, mashine inadondosha, mkebe unatikiswa. Kazi imeisha hapo. Lakini yeye alipaka tone kwenye kadibodi, akalikausha kwa feni, akampa mteja alipeleke nje juani, akamwita keshia aje alitazame, kisha akamfanya mteja aandike jina lake kwenye daftari kwamba ameikubali. Kwa mkebe wa rangi ya maziwa. "Huwa tunahakikisha," akaniambia akicheka. "Mimi jicho langu si la kuaminiwa, si unakumbuka." Alilisema bila uchungu wowote, jinsi mtu anavyosema ana mguu mfupi.

Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi, nikasema machache. Nilimwambia klipu za Rukanga hakuzikosea. "Klipu gani?" akauliza. Nikasema za bibi yake, zile za kunde. Nikamwambia kwamba lati ilikuwa imewekwa, kwamba niliiacha nikijua, kwamba nilidanganya mbele yake na mbele ya Mzee, na Mzee amezikwa bila kujua. Alikuwa ameshika kitambaa akifuta mdomo wa mkebe. Aliendelea kuufuta.

"Na zile za Jumatatu?" akauliza. "Zile ulizorekebisha?"

"Sikurekebisha. Niliondoa lati. Zilikuwa zako."

"Vile vile?"

"Vile vile."

"Nilikuambia zinafanana na zangu."

"Uliniambia."

"Nikaziona kwa macho yangu mwenyewe, nikakuambia." Akaweka kitambaa chini. "Kwa hivyo sikukosea."

"Hukukosea, Wakesho."

"Hata kidogo," akasema.

Nilingoja anitukane au alie. Nilikuwa tayari kwa yote mawili, na nadhani nilitamani moja kati ya hayo, nipate la kuondoka nalo. Alikuwa akinitazama, lakini hakuwa akiniona mimi. Midomo yake ilikuwa ikirudia neno moja bila sauti: sikukosea. Ndipo akaingia mzee mmoja wa kanisa na kipande cha plasta mkononi, amekibandua ukutani, anataka mkebe wa rangi kama ile ile, kwa sababu kitabu cha namba walishakipoteza. Nikamwambia Wakesho, kwa haraka, kwamba nilikuja kumwomba msamaha. "Nimesikia," akasema. "Ngoja kwanza nimhudumie huyu."

Aliipokea plasta, akaitazama mlangoni kwenye mwanga, mara moja tu. Hakwenda kwenye mashine. Alifungua mkebe wa nyeupe, akatia manjano kwa kijiti, akatia kahawia, akakoroga, akatia tone la nyeusi dogo sana, akakoroga tena. Akapiga kidole kimoja cha rangi kwenye mbao ya kaunta na kufunga mfuniko kwa nyundo. "Mama Mghoi, leo hatutoki nje kuangalia?" yule mzee akauliza. "Leo hatutoki," akasema. "Iko sawa." Keshia aliinua kichwa. Wakesho alikuwa ameshasogea kuchukua daftari la risiti, na hakunigeukia kuniuliza kitu. Mimi nikaichukua ile plasta, nikaiweka kando ya alama iliyokuwa ikikauka kwenye mbao, nikainama. Kazi yangu ni hii, nalipwa kwa hii, Nairobi nzima hakuna watu wengi wanaoweza kuona ninachokiona. Nilitafuta tofauti. Niliitafuta kwa hamu, kwenye mwanga na kwenye kivuli, nisiione, mpaka mwenye plasta akaniomba nimrudishie.